Kuizoesha Injini

Vijana walikuja asubuhi na msumeno wa injini kukata mkaratusi ulio nyuma ya nyumba ya baba, kwa kuwa kuni za matanga zilikuwa zimeanza kuisha. Nilikuwa nimekaa na mama chini ya turubai, nikimsikiliza shangazi akieleza upya jinsi baba alivyougua, moshi wa msumeno uliponifikia. Petroli iliyochanganywa na oili. Moshi wa bluu, mzito, wenye utamu fulani unaobaki kooni. Nikanyamaza katikati ya jibu nililokuwa nikimpa shangazi, naye akadhani msiba umenilemea, akanishika mkono. Kweli ulikuwa umenilemea, ila si kwa namna aliyodhani yeye. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya shati la baba miaka yote niliyokuwa nikikua, na ilianza kipindi kile tulipompoteza kaka yangu Barasa.

Nyinyi mliokua wakati wangu mnakumbuka kwamba watoto hatukuelezwa kitu. Mtu akifa tulipelekwa kwa jirani, tukapewa chai yenye sukari nyingi, tukaambiwa tucheze. Watu wazima walisema mtoto haelewi, na kwa kuwa hawakueleza, walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kichwa cha mtoto hakikubali kukaa kitupu. Tulijieleza wenyewe, kwa vile tulivyoona, na yale tuliyojieleza tuliyaamini kuliko katekisimu.

Kwetu ni Navakholo, kwenye mashamba yanayoteremka mpaka Mto Nzoia. Baba alikuwa fundi wa matrekta ya kubeba miwa. Mama alizaa wawili tu: Barasa kwanza, kisha mimi, baada ya muda mrefu hata watu wakawa wamechoka kumuuliza. Barasa alikuwa karibu kumaliza sekondari, mimi nilikuwa bado naandika kwa penseli. Yeye ndiye aliyenichongea penseli hizo kwa wembe, ncha ndefu nyembamba ambayo hakuna mtoto mwingine darasani aliyekuwa nayo, na mwalimu akinisifu mwandiko nilijua sifa ni zake.

Shule yake ilikuwa ng'ambo ya mto. Kivuko chetu wakati huo kilikuwa boti ya mbao iliyovutwa kwa kamba, kamba yenyewe imefungwa kwenye miti huku na huku, na abiria wenyewe ndio waliovuta. Siku moja ya mvua, maji yakiwa yamepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, kamba ilikatika boti ikiwa katikati. Wengine walishika matawi, wengine waliogelea. Barasa hakuonekana.

Wanaume walimtafuta kwa miti mirefu yenye kulabu, wakateremka kando ya mto mpaka miguu ikavimba. Jioni walirudi na kukaa uani kwetu, nguo zikiwakaukia mwilini. Mwishowe wazee wa ukoo waliingia sebuleni, wakakaa, wakatoka wamekubaliana. Mmoja wao akaenda nyuma ya jikoni na panga, akakata mgomba wa mama. Walichagua shina la kimo cha Barasa. Nililiona kwa macho yangu kutoka mlango wa jikoni, kwa sababu jirani aliyepewa kazi ya kunishika alikuwa ameenda kuona naye. Walilifunika kwa blanketi lake la mistari, wakaimba, wakasali, wakaliteremsha kaburini polepole, wakiwa wamelishika kichwa na miguu kana kwamba lina kichwa na miguu.

Ndivyo watu wetu wanavyofanya mtu asipopatikana. Boma haliwezi kukaa na kifo kisicho na kaburi. Babu mdogo, ndugu wa babu yangu, alisimama juu ya udongo mbichi akasema, "Huyu sasa tumemzika. Mto usifuatwe tena." Maana yake nilikuja kuijua baadaye sana: kaburi likishafungwa halifunguliwi, na mtu mmoja hazikwi mara mbili, kwa hiyo anayeendelea kutafuta anaiitia nyumba yake balaa lingine.

Mimi nilichoelewa siku hiyo ni kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba Barasa hajafa. Kama angekuwa amekufa, wangemzika yeye. Wamezika mgomba kwa sababu yeye yu hai mahali fulani, ameshikwa na maji, na mgomba ule ni wa kuudanganya mto: uone kaburi, uone watu wanalia, uamini mambo yamekwisha, kisha ulegeze mkono. Niliona ni hila ya akili sana. Niliwatazama wazee wale kwa heshima mpya, na kilio cha mama nikakiona kama sehemu ya mpango, ingawa nilidhani anazidisha. Sikumwambia mtu. Niliacha hata kulitaja jina la Barasa tulipokwenda kuteka maji, mto usije ukasikia. Penseli yangu ilipoisha ncha sikumpa mtu mwingine aichonge.

Muda si mrefu kukaanza maneno ya boti mpya, nami nikajua hiyo ndiyo sehemu ya pili ya mpango.

Kanisa ndilo lililoanza. Baada ya msiba watu walisema kamba haitarudi tena pale, wakachanga, wakaunda kamati, mwenyekiti akawa Mwalimu, mzee mmoja mstaafu aliyemfundisha kila mtu pale kijijini kusoma, hata baba. Mwalimu alipata boti kwa mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, huko Kisumu. Ililetwa juu ya trela ya miwa, na sisi watoto tuliifuata kutoka sokoni mpaka mtoni. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa ya faiba, nyekundu, nyembamba, yenye pua ndefu iliyoinuka juu. Ilikuwa boti ya mashindano ziwani, imeundwa kwa mbio tu, na hata ikiwa imelala juu ya nyasi na mbuzi wakiichungulia ilionekana kama inataka kuondoka. Kasoro yake ni moja: injini yake ilikuwa imekufa zamani. Kamati ikamwambia baba, kwa kuwa yeye ni fundi, akachague nyingine.

Siku hizo mama alikuwa amelala tu, uso ukutani, akiamka kwa ajili ya haja na kurudi. Chakula alikipika jirani. Kwa hiyo kila alikokwenda baba alinibeba, karakana, kanisani, kwenye vikao vya kamati, na ndivyo nilivyojikuta nasikiliza mambo ya injini kama mtu mzima. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake baba, hivyo hakuniita kwa jina. Aliniita mama. "Mama, panda baiskeli." "Mama, shika hii spana." Watu waliosikia walicheka, lakini yeye alikuwa akiongea nami kwa adabu kabisa, jinsi mtu anavyoongea na mama yake.

Kamati haikutaka aende kuchagua peke yake. Wakaamua kumwita mjomba wangu, kaka yake mama, kutoka Iguhu. Huko kwao fahali hupiganishwa, na mjomba alikuwa na jicho. Angeweza kuangalia ndama anayenyonya na kusema huyu atakuja kuwaaibisha wengine uwanjani, na ikawa hivyo. Mtu akamuuliza Mwalimu fahali na injini vinahusiana vipi. Mwalimu akajibu kwamba nguvu ni nguvu, mwenye kuijua anaijua, na kamati nzima ikaona amesema jambo la maana. Ukiniuliza mimi, ni watu wetu tu wangeweza kumpeleka mchagua fahali dukani kununua injini.

Tulienda Kisumu wanne: baba, Mwalimu, mjomba na mimi. Duka lilinukia mpira mpya. Injini zilikuwa zimefungwa kwenye vyuma, zimepangwa ukutani kutoka ndogo mpaka kubwa, na mjomba alizipita zile ndogo bila kuzitazama, akasimama mbele ya ile kubwa ya mwisho. Akaweka mikono nyuma. Akaizunguka. Akaitazama usoni, akaenda akaitazama kwa nyuma, akachutama akaangalia propela, akaipiga kofi begani na kusikiliza.

"Hii," akasema. "Shingo iko. Mabega iko. Hii ikiingia uwanjani wengine wanatoroka wenyewe."

Muuzaji, kijana mwenye shati la bluu, alifurahi sana. "Mzee anajua," akasema. "Hiyo ni farasi arobaini. Boti yenu ni ya mbio, ukifungia hiyo inaruka juu ya maji, haigusi hata."

Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu zangu. Barasa anakwenda na maji, maji hayalali, nasi tumekaa siku nyingi tukichanga na kufanya vikao. Kila siku iliyopita ilikuwa imemsogeza mbali. Boti ile nyekundu na injini ile kubwa ndizo pekee zingeweza kumfikia.

Baba alikuwa amesimama karibu na injini ndogo, katikati ya safu. Akamuuliza kijana, "Ukitaka iende pole kabisa? Kama mtu anatembea?"

"Ipi?"

"Hiyo ya shemeji. Kubwa."

"Arobaini haipendangi kwenda pole, baba. Plagi zitajaa oili, itazima."

"Na hii?"

"Hiyo kumi na tano? Hiyo inaweza tembea pole siku mzima. Lakini sasa..."

"Maji ikiwa fupi, kando kando, kwa matete?"

"Unaiinua kidogo hapa nyuma, inaendelea tu."

"Tangi moja inanipeleka wapi na kunirudisha?"

Kijana akaeleza, kisha akacheka. "Baba, kila mtu akiingia hapa anauliza inakimbia aje. Wewe ni wa kwanza kuuliza inaenda pole aje."

Baba hakucheka. Mjomba alikuwa ameanza kukasirika. "Shemeji, hiyo ni ndama. Unataka kufunga ndama kwa mkokoteni ya fahali? Watu wa ng'ambo watatucheka." Mwalimu naye alisema kamati ilitarajia kitu cha kuonekana. Baba akawajibu kwa upole, kwa maneno ya fundi: uzito wa nyuma, mafuta, mto si ziwa, kuvuka si kushindana. Yote yalikuwa kweli.

Nikamvuta shati. "Baba, chukua ile kubwa."

"Kwa nini, mama?"

"Ndio tufike haraka."

"Tufike wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu. Sikuweza kusema mbele ya watu wasiojua mpango. Nilimwona akichuchumaa mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akanitazama kwa muda mrefu, na nilidhani ananionya kwa macho nisiitoe siri. Hakuniuliza tena. Alisimama, akamwambia kijana afunge ile ndogo.

Nilimchukia baba njia yote ya kurudi. Niseme ukweli, sijui kama nimewahi kumchukia mtu vile tena. Mjomba alikuwa amenuna mbele, mimi nimenuna nyuma ya pikapu, nimekaa juu ya sanduku la injini, na nilitamani lianguke barabarani. Nilikuwa na hakika kwamba baba amechoka na Barasa. Amekubali mgomba uwe ndio Barasa.

Injini ilifungwa kwenye ile boti, na kweli ilionekana kichekesho, kitu kidogo cheusi nyuma ya pua ile ndefu. Mjomba aliangalia mara moja akarudi kwao Iguhu. Kamati ilitaka ianze kuvusha watu siku hiyo hiyo, lakini baba akakataa. Akawaambia injini mpya haibebeshwi mzigo. Lazima izoeshwe kwanza, iendeshwe polepole, bila kukanyagwa, oili ikiwa nyingi kidogo kwenye petroli, mpaka vyuma vyake vizoeane. Wakamuuliza itachukua muda gani. Akasema ataisikia mwenyewe. Fundi akisema hivyo nani atabisha.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha mapema. "Mama, twende tuzoeshe injini." Nilitoka kitandani, halafu kitu kikaniambia nirudi. Chini ya mto wa kulalia nilikuwa nimeficha sweta ya shule ya Barasa, ile ya kijani, iliyokuwa nyumbani siku ile kwa sababu ilikuwa imefuliwa. Niliikunja nikaificha ndani ya gauni langu. Alikuwa amekaa majini muda wote huo bila sweta, na nilijua atakuwa anatetemeka.

Mtoni baba alichanganya petroli na oili ndani ya mtungi, akautikisa, akamimina. Alivuta kamba mara kadhaa mpaka injini ikakohoa na kutoa ule moshi wa bluu, ukatanda juu ya maji, ukaingia kwenye nguo zetu. Tukaondoka. Nilitegemea tuvuke, kama ambavyo kamati ingetegemea. Alipofika katikati aligeuza pua kuelekea chini, maji yanakokwenda, na kivuko kikapotea nyuma yetu.

Chuki yote ikanitoka. Nilitamani nimkumbatie. Nilitoa sweta nikaiweka mapajani, nikakaa mbele kabisa kwenye ile pua, na kazi yangu nikaijua bila kuambiwa. Nilitazama kingo. Nilitazama juu, kwenye mashamba ya miwa, kwenye njia za ng'ombe zinazoshukia maji, kila mahali ambapo mvulana mrefu angeweza kusimama na kupunga mkono. Niliona wanawake wanafua. Niliona mtu anapakia mchanga. Nilipunga mkono kwa kila mtu, endapo mmoja wao ni yeye, na wote walinipungia.

Tulikwenda polepole mno. Mtu aliyekuwa akitembea kandokando na jembe begani alitupita. Baba hakuwa akishika njia ya katikati, alikuwa akiingia kila kona, akiinua injini kwenye maji mafupi, akizunguka kila mti ulioanguka. Nikashindwa kuvumilia. "Baba, si ungechukua tu ile kubwa. Saa hii tungekuwa tumemfikia."

Aliinua injini tukapita juu ya tawi, nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Kubwa ingempita, mama."

Niligeuka kumwangalia, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika. Hapo ndipo nilipoona anakoangalia. Hakuwa akiangalia kingo. Hakumwangalia hata mmoja wa wale watu waliotupungia. Alikuwa ameinama upande, macho chini, kwenye maji yenyewe, pale mto unapokusanya takataka zake: makapi ya miwa, majani, chupa, chini ya matawi yaliyolala, kwenye matete. Alikuwa na mti mrefu mkononi, na kila penye lundo alipunguza mwendo akalifunua kwa upole. Akiona hakuna kitu alishusha pumzi, na sikujua, mpaka leo sijui, kama ilikuwa pumzi ya nafuu au ya huzuni.

Mimi nilikuwa naangalia juu, yeye alikuwa anaangalia chini. Hakuna aliyenieleza. Nililielewa jambo lote nikiwa nimekaa juu ya pua ya boti ile, mchana kweupe, sweta mapajani, na nakumbuka nilichofanya: niliacha kupunga mkono. Nikaangalia chini na mimi, upande wa pili, ule ambao hakuweza kuuona.

Tulifika kwenye mawe. Pale Nzoia huvunjika, maji yanapita kwa kelele katikati ya majabali meusi, na hakuna boti inayopita, iwe na ndama au fahali. Baba alishika mzizi wa mti, akazima injini. Alisimama. Boti ilikuwa nyembamba, ikayumba, nami nikashika kingo zote mbili. Akaita, "Barasa." Hakuita kwa nguvu. Aliita jinsi anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili, chakula kikiwa tayari. Akasubiri kiasi ambacho mtu angehitaji ili kujibu. Akaita tena. Kisha akakaa, akaosha uso kwa maji yale yale ya mto, akasema, "Turudi. Mama yako yuko peke yake."

Njiani aliniambia jambo moja tu: kwamba tumekwenda kuzoesha injini. Nikamwambia ndiyo. Kaburi lilikuwa limefungwa na wazee walikuwa wamesema. Hata mimi niliyekuwa naandika kwa penseli nilijua hapo kwamba baba amevunja neno la watu wakubwa, na kwamba sasa tumelivunja wawili.

Sweta ndiyo iliyotufichua. Ilikuwa imelowa kwa maji yaliyoturukia botini, na sikuwa na pa kuificha. Nilipoingia nayo mama aligeuza uso kutoka ukutani. Aliiona, akaniona mimi, akamwona baba mlangoni na suruali yenye matope mpaka magotini. Aliketi. Aliichukua sweta mikononi mwangu, akaipeleka puani. Nilijua inanukia moshi. Nikangoja aulize, na baba naye akangoja, mkono juu ya fremu ya mlango. Mama akatoka nje, akaikamua, akaianika kwenye kamba. Kisha akaingia jikoni, na baada ya muda tukasikia mwiko ukigonga sufuria. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, mwenyewe.

Boti ilifanya kazi yake. Ilivusha wanafunzi, ilivusha wajawazito, ilivusha magunia, polepole, pua juu, na watu wa ng'ambo walicheka kama mjomba alivyosema, kisha wakazoea. Hakuna mtu aliyekufa tena pale kivukoni. Lakini siku za Jumapili, baada ya kanisa, baba alichukua boti peke yake. Akiulizwa alisema injini ina kitu, anaisikiliza. Mwalimu alikuwa akitania kwamba hajawahi kuona injini inayochukua miaka kuzoea. Alitania mara nyingi, mpaka siku moja akaacha ghafla, na tangu hapo ikifika Jumapili yeye ndiye aliyewaambia watu wangoje. Mimi sikwenda tena. Baba hakunialika, na nilishukuru. Baadaye daraja lilijengwa, boti ikauzwa kwa watu wa ziwani, na injini baba akaibakiza, akaitundika kwenye boriti ya stoo.

Ilikuwa huko juu asubuhi hii ya msumeno. Kijana mmoja aliingia stoo kutafuta shoka la kupasulia kuni, akatoka anauliza uani, kwa sauti ya mtu anayetaka kununua lakini anaona haya kusema msibani, "Hiyo engine ya boti ilikuwa inakimbia aje?"

Nilifungua mdomo. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana, akanitangulia.

"Ilikuwa inaenda pole," akasema. "Ndio maana alikuwa anachelewanga kurudi."

Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda na shoka. Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti lake, mdogo, umekunjamana, unakunja na kukunjua pindo la leso. Tumeishi miaka yote hii bila kuzungumzia siku ile, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba hakujua zaidi ya ile siku moja.

"Mama, ulijua kwamba hakuacha?"

"Kwani nani alikuwa anamfungia chakula?"

Shangazi alikuwa ameondoka kuangalia masufuria. Tulikuwa wawili. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kufikiri kukiuliza, sweta ile ilikwenda wapi, kwa sababu baada ya kuanikwa sikuwahi kuiona tena kabatini.

"Ilikuwa kwa mfuko wake," akasema. "Kila Jumapili nilikuwa naikunja naiweka chini ya chakula. Hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia. Angempata, angemleta aje bila nguo?"

Msumeno ulizima. Mti ulianguka nyuma ya nyumba, na watoto wakapiga kelele, wakaanza kukimbilia matawi. Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. Baba alikuwa bado mochari, tulikuwa tumchukue kesho, na kaburi lake lilikuwa tayari kando ya lile lingine lililozikwa mgomba.

"Sasa iko wapi, mama?"

"Jana si nilipeleka suti yake mochari? Niliikunja ndani ya koti." Akaikunjua leso, akailaza sawasawa juu ya goti. "Aende nayo. Akimpata, amvalishe."